Sura ya 7: Rangi Hubaki, Spiriti Huhama

Mchungwa ukizeeka huko Muheza, mwenye shamba huukata. Matawi huenda jikoni, gogo huenda kwenye tanuri la mkaa, na habari yake imekwisha. Mimi hujitahidi kufika kabla ya tanuri. Gogo la mchungwa ni zito mkononi, nyuzi zake zimebanana, na likikerezwa vizuri huwa laini kama komwe za bao zilizochezewa miaka mingi. Kasoro yake ni moja tu: ni jeupe linaloelekea manjano. Mnunuzi akioneshwa kiko cheupe hukigeuzageuza, kisha huuliza kitakuwa tayari lini. Hapo ndipo rangi inapohitajika, na rangi haiji peke yake. Huja na spiriti.

Mafundi wengi wakizungumzia kupaka huanza na rangi: nyeusi, kahawia, nyekundu ya damu ya mzee. Nami nilianza hivyo. Siku za mwanzo nilipopaka kiko changu nilimwendea mzee aliyenifunza kazi, nikamwambia, "Fundi, tayari, kimekauka." Alikishika, akakinusa, akanirudishia. "Mwanangu," alisema, "usiniambie imekauka. Niambie imekwenda wapi."

Ilinichukua miaka kulielewa swali lile. Ukipaka mti kwa rangi iliyoyeyushwa kwenye spiriti, rangi hubaki kwenye mti, spiriti huhama. Haikupotea. Imetoka kwenye nyuzi za mti ikashika njia nyingine: imetoka dirishani, au imeingia puani mwako, au imepita kwenye ngozi ya vidole vyako, au imetambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa. Fundi anayejua kazi yake huiamulia njia mapema. Kwa hiyo sura hii inaanza na spiriti, na rangi itafuata.

Kiko na mti wake

Watu huijua Pongwe kwa saruji na mawe ya chokaa. Iko kiasi cha kilomita 15 kutoka Tanga mjini, kwenye barabara ya Muheza, karibu na reli ambayo ilianza kujengwa kutoka bandarini mwaka 1893. Kwa fundi wa mbao ni mahali pazuri: mashamba ya michungwa yako mbele, soko la mjini liko nyuma.

Wazee wa pwani walikuwa na kiko chao chenye viungo vinavyojulikana kwa majina. Tumbaku ilikaa kwenye bori, aghalabu ya udongo. Chini ya bori kulikuwa na mti ulioitwa digali, ukishuka hadi kwenye kifuu chenye maji. Moshi ulivutwa kwa mdakale, na mlio wa maji yakitokota uliitwa malio. Katika kiko hicho moto ulikaa kwenye udongo na mti ukabaki njia ya moshi tu. Kiko cha kushika mkononi ni tofauti: moto unakaa ndani ya mti wenyewe, na vidole vya mvutaji vimeukumbatia mti huo huo, upande wa nje, pale pale tulipopaka rangi.

Ulimwenguni mti unaosifiwa zaidi kwa kazi hii ni nundu ya mizizi ya Erica arborea, kichaka cha nchi za Mediterania. Mji wa Saint-Claude, Ufaransa, ulijijengea jina kwa viko vya nundu hiyo tangu karne ya 19. Tanzania nayo iliwahi kujulikana kwa viko. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ilianza kutengeneza viko Arusha kutokana na jiwe jepesi la mpakani, upande wa Amboseli. Viko vile vilisafirishwa nje vikibeba neno letu lenyewe, Kiko, na vingi vilitiwa rangi: nyeusi, kahawia, manjano. Kutia rangi kiko, basi, si jambo geni nchini kwetu.

Miti yetu haipokei rangi sawasawa. Mpingo hauhitaji kitu. Weusi wake unatosha, na mafuta yake yanaikataa rangi. Mninga una wekundu wake. Msaji, hata ule mzuri wa shamba la Longuza, una mafuta yanayoifanya rangi ikae madoadoa. Mchungwa hauna mafuta mengi, umebanana, na weupe wake ni kama karatasi inayosubiri kalamu. Ndiyo maana nauchagua.

Niseme wazi jambo moja kabla ya kuendelea. Tumbaku huua, na kiko hakiipunguzii sumu yake. Viko vyangu vingi huishia kabatini kama pambo, au kwenye mizigo ya wageni kama kumbukumbu ya Tanga. Lakini fundi hajui kazi yake itaishia wapi. Kila kiko nakitengeneza kana kwamba kesho kitakuwa mkononi na kinywani mwa mtu.

Kwa nini spiriti

Kuna rangi ambazo chembe zake haziyeyuki, kama rangi za ukutani. Chembe hizo hulala juu ya mti na kuufunika. Kuna rangi nyingine zinazoyeyuka kabisa, kama majani ya chai yanavyoitoa rangi yake kwenye maji ya moto. Hizo huingia ndani ya nyuzi, na mistari ya mti huonekana zaidi badala ya kufichwa. Kwa kiko tunataka hizo za pili.

Unaweza kuziyeyusha kwa maji, lakini maji huufanya mti uvimbe na nyuzi zisimame. Kazi yote ya msasa inarudi mwanzo. Mafuta yanachelewa kukauka na huacha utando. Spiriti huingia upesi, huondoka ndani ya dakika chache, na huacha mti karibu kama ulivyoukuta.

Urafiki wa spiriti na rangi za kisasa una historia fupi inayotuhusu watu wa pwani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vya lami ya makaa ya mawe. Alipata uchafu mweusi. Alipousafisha kwenye chupa kwa spiriti, spiriti ikageuka zambarau. Hiyo ndiyo iliyokuwa rangi ya kwanza kubwa ya kiwandani, na ni spiriti iliyoifichua. Rangi nyingi tunazonunua leo kwenye vipakiti ni kizazi cha ugunduzi ule.

Kuchagua spiriti

Neno spiriti dukani linabeba vitu vingi, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Spiriti iliyo bora kwa kazi yetu ni ethanoli ya asilimia 95 hivi, ile ile ambayo kwa asili hutoka kwenye sukari au nafaka zilizochachushwa. Kiwandani hutiwa vitu vya kuifanya isinyweke, na mara nyingi rangi ya zambarau au buluu; ndiyo tunayoiita spiriti ya kuwashia. Rangi yake haidhuru juu ya kahawia au nyeusi, ila ukitaka manjano safi juu ya mchungwa itaichafua kidogo. Ichague pale tu chupa inapotoka kiwandani na lebo yake ipo, na usome imechanganywa na nini. Nyingi zina methanoli kiasi fulani.

Ya pili ni isopropili, ambayo ilienea sana kuanzia 2020 kwa ajili ya vitakasa mikono. Ile ya majimaji yenye asilimia 90 au zaidi inafaa, ingawa baadhi ya rangi haziyeyuki humo vizuri kama kwenye ethanoli. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, nayo itasimamisha nyuzi. Kitakasa cha jeli kiache kabisa: kinaacha ute ambao hakuna nta itakayoshika juu yake. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo isome kwanza, kwa kuwa nyingine zimetiwa mafuta. Pombe ya kunywa, hata iliyo kali, kwa kawaida zaidi ya nusu yake ni maji. Humpotezea fundi muda na fedha.

Ya tatu ni methanoli tupu. Hiyo sitaki uitumie. Inayeyusha rangi vizuri sana, wakati mwingine ni rahisi, na ndiyo sababu watu hushawishika nayo. Lakini methanoli huingia mwilini kwa kunywewa, kwa kuvutwa na kwa kupita kwenye ngozi. Ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo huushambulia mshipa wa jicho. Mililita 10 tu zikinywewa zinaweza kumpofusha mtu. Kwa macho na kwa pua huwezi kuitofautisha na ethanoli. Wala kuiwasha na kutazama moto wake hakusaidii. Kipimo hicho cha vijiweni kimewadanganya wengi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi. Spiriti isiyo na lebo siyo spiriti, ni kitu nisichokijua. Mwaka mmoja muuzaji alinipimia lita mbili kutoka kwenye pipa akaniapia ni ile ile ya siku zote. Nilipaka viko sita, nikaondoka na kichwa kinachogonga na macho yaliyoona ukungu hadi asubuhi. Yalirudi. Sikuwahi kujua mle mlikuwa na nini, na tangu siku ile sinunui cha kupimiwa. Kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake nchini, ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lebo ile ndogo kwenye chupa ndipo sheria hiyo inapokutana na macho yako.

Kuchagua rangi

Kwenye masoko yetu ya pwani kuna vipakiti vya rangi za ukili, zile ambazo kina mama huchemshia miyaa ya mikeka: zambarau kali, kijani cha kung'aa, waridi, manjano. Nyingi za rangi za aina hiyo huyeyuka kwenye spiriti kwa urahisi ajabu, na fundi chipukizi hufurahi. Nami nilifurahi. Lakini mkeka ulioachwa uani umetufundisha sote: baada ya msimu mmoja wa jua, zambarau imekuwa kijivu. Zaidi ya hapo, rangi za kung'aa za jamii hiyo hazikutengenezwa kwa ajili ya kitu cha kinywani, na baadhi yake, kama manjano iitwayo auramini, wataalamu wa saratani wanaihesabu miongoni mwa vitu vinavyoshukiwa. Kwenye mkeka unaoukalia ni jambo moja. Kwenye kiko kinachopashwa moto kando ya mdomo ni jambo jingine. Waachie wasusi ukili wao.

Rangi ya majimaji ya mafundi viatu, ile ya kuingia kwenye ngozi wala siyo ya kung'arisha, mara nyingi ni ya spiriti, na watengeneza viko wa nchi nyingi huitumia. Nyeusi na kahawia zake ni nzuri. Ubaya ni kwamba chupa haisemi yote yaliyomo. Ikinuka kama thina au rangi ya kucha, haikuyeyushwa kwa spiriti pekee, na mimi huirudisha.

Iliyo bora ni unga wa rangi uliotengenezwa kwa ajili ya mbao, ambao kipakiti chake kinasema waziwazi unayeyuka kwenye spiriti na unahimili jua. Miongoni mwa hizo, zinazovumilia mwanga zaidi zina madini, kama kromi au kobalti, yaliyofungwa ndani ya rangi yenyewe. Uvumilivu huo unatakiwa kuheshimiwa: usiuvute unga wake, usiulambe, usiupeperushe.

Na kuna rangi za nyumbani. Binzari hutoa manjano yake kwa spiriti upesi kuliko kwa maji, ila hufifia juani. Vumbi la mninga likilowekwa usiku kucha kwenye spiriti hutoa wekundu wa kahawia unaoupendeza mchungwa sana. Mizizi ya mdaa, ambayo wazee waliitumia kutia ukili weusi, hutaka maji ya moto na subira. Mimi hutumia mninga mara kwa mara kama tabaka la mwisho. Kumbuka tu kwamba kitu cha asili nacho kina makali: vumbi la mninga huwasumbua watu wengi kifua, na la mpingo huwasha ngozi. Barakoa haichagui.

Siku ya kupaka

Nachagua asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, kivulini, upande ambao upepo unatoka kwangu kwenda nje. Wakati wa masika naahirisha. Spiriti inapohama huupoza mti, na hewa ya Tanga ikiwa imejaa unyevu, maji hutua juu ya ule ubaridi kama yanavyotua juu ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Rangi hukaa mawimbi, na polishi ya spiriti ikipakwa juu yake hugeuka ukungu mweupe.

Kiko kimepita msasa wa 120, 180, 220, 320. Nakipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, nyuzi chache zilizojificha zinyanyuke. Kikikauka nazikata kwa msasa wa 400. Kisha nachonga kijiti cha mti laini na kukisukuma ndani ya tundu la tumbaku hadi kibane. Kijiti hicho kina kazi mbili: ni mpini wa kushikia, na ni kizibo. Ndani ya tundu rangi haiingii, hata tone. Mahali moto utakapokaa mti unabaki mtupu. Tundu la moshi kwenye shina nalo naliziba, na mdomo wa kiko nauweka pembeni, haupakwi.

Unga napima gramu 1 kwa mililita 100 za spiriti. Natia unga kwanza, spiriti baadaye, taratibu, barakoa usoni na glovu mkononi. Naacha usiku mmoja, kisha nachuja kwa kitambaa cha pamba, kwa kuwa chembe moja isiyoyeyuka itaacha mkia mweusi kwenye kiko kizima.

Asubuhi napaka kwanza kipande cha mchungwa ule ule kilichobaki. Rangi ikiwa mbichi huonekana nzito, ikikauka hufifia, ikipata nta hurudi. Kipande hicho hunionesha hali zote tatu kabla sijakigusa kiko.

Tabaka la kwanza ni jeusi. Nachovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti, nakamua, napaka upesi kutoka shingoni kwenda juu bila kusimama, maana ukisimama pa kuanzia na pa kuishia patakutana na kuacha mstari. Mahali nyuzi zimekatwa kichwa, chini ya bakuli la kiko, mti hunywa sana. Hapo pamba iwe kavu zaidi. Baada ya saa moja nasugua kwa msasa wa 400, na weusi unaondoka mgongoni mwa mti, unabaki ndani ya mistari tu. Ghafla mchungwa una sura. Mistari iliyokuwa haionekani imesimama kama mishipa ya mkono wa mvuvi. Juu yake napaka kahawia nyekundu, mara mbili. Pakizidi mahali, kitambaa chenye spiriti tupu kinapunguza. Huo ndio wema mkubwa wa spiriti: inakupa nafasi ya kujuta.

Moto usioonekana

Baadhi ya mafundi hukiwasha kiberiti kiko kikiwa bado kibichi, spiriti iungue, wakiamini moto hushikisha rangi. Utawasikia wakikusifia. Usifanye. Rangi hushika kwa sababu imeingia na spiriti imetoka. Upepo wa asubuhi unaifanya kazi hiyo bila kukuomba kidole.

Ethanoli huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzijoto 13. Methanoli na isopropili ziko karibu na hapo hapo. Hata alfajiri ya Julai, baridi ya Tanga haifiki huko. Maana yake, kwetu sisi hakuna saa yoyote ya mchana wala usiku ambayo chupa ya spiriti iliyo wazi ni salama. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi. Unashuka kwenye meza, unatambaa sakafuni, unatafuta.

Nimeuona ukitafuta. Ilikuwa masika, mvua inapiga bati, nikafunga mlango na dirisha. Sufuria ya chai ilikuwa juu ya jiko la mkaa, hatua nne kutoka mezani. Sikusikia mlipuko. Nilisikia "fu", kama mtu anayepuliza kibatari, kisha joto kwenye vifundo vya miguu. Nilitazama chini sikuona kitu. Moto wa spiriti mchana ni hafifu kiasi kwamba nilichokiona ni hewa ikicheza na ukingo wa gunia ukigeuka mweusi wenyewe. Nilitupa gunia jingine lililolowa maji juu ya mkebe, nikatoka. Nywele za miguu ziliondoka, ngozi ilibaki. Mzee alipokuja hakunigombeza. Aliuliza lile lile: "Ilikwenda wapi?" Safari hii nilijua jibu.

Kwa hiyo: jiko, sigara, kiberiti na mashine ya kutoa cheche vikae nje kabisa ya eneo la kupaka. Mimina kwenye mkebe kiasi cha kazi ya leo tu, na chupa kubwa ifungwe na kuondolewa. Weka ndoo ya mchanga na gunia bichi karibu. Mkebe ukishika moto, ufunike. Usiubebe kukimbia nao, kwa kuwa utajimwagia. Ukishindwa, toka na upige 114, Zimamoto. Vitambaa vyenye spiriti vianike nje, vikiwa vimetandazwa, kabla ya kuvitupa. Vile vyenye mafuta ya kitani vinahitaji uangalifu zaidi: vikikunjwa vikarundikwa hupata joto vyenyewe hadi kuwaka. Viloweshe maji.

Chupa ya soda

Hatari kubwa kuliko moto iko kwenye tabia yetu moja. Tunaweka mafuta ya taa, dawa za shamba na spiriti kwenye chupa za soda na za maji ya kunywa. Mtoto hasomi kemia. Anasoma umbo la chupa, na umbo limemwambia kinywaji. Na mtu mzima mwenye kiu ya pombe husoma harufu.

Methanoli ikiingia kwenye vinywaji huua kwa makundi. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyochanganywa nayo, na wengine walibaki vipofu. Mei 2014 Kenya ilizika tena makumi ya watu kwa sababu hiyo hiyo. Wengi wao hawakujisikia vibaya mapema. Methanoli husubiri: mtu hulewa kidogo, hulala, na baada ya saa 12 au 24 huamka na tumbo linalokata na macho yanayoona weupe.

Spiriti ikae kwenye chombo chake cha asili, kifuniko chake, lebo yake. Ukilazimika kuhamisha, tumia chupa ambayo haikuwahi kuwa ya kinywaji, na uandike SUMU kwa herufi ambazo hata jirani atazisoma. Rafu iwe juu ya kichwa cha mtu mzima, pasipo na jua. Mtu akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa ukidhani yatazima sumu. Mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa, kwa Tanga ni Bombo, na chukua chupa yenyewe ili daktari ajue anapambana na nini. Dawa zipo, lakini hufanya kazi kabla ya macho kuharibika. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha uende.

Kitambaa cheupe

Rangi imekaa, spiriti imehama. Sasa kiko kinahitaji vazi, na hapa mafundi wengi huharibu kazi ya siku mbili kwa dakika moja: hupaka polishi ya shelaki, ambayo nayo imeyeyushwa kwenye spiriti. Spiriti mpya huiamsha rangi ya zamani, na brashi huivuruga. Vazi la juu lisiwe na kiyeyushi kile kile cha tabaka la chini.

Pwani yetu iliwahi kuuza vazi bora kuliko yote. Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu wa mti ulioganda, ilichimbwa ardhini, ikakusanywa Unguja, na meli za Wamarekani wa Salem zikaipeleka Massachusetts kutengenezea vanishi. Baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833, biashara hiyo ilikua sana. Ile mpya ya mtini, chakazi, ilikuwa laini na ya bei ndogo. Ile ya ardhini ilikuwa ngumu kiasi cha kuikataa spiriti. Ilibidi iyeyushwe kwa moto mkali ndipo ikubali mafuta. Ukaidi huo ndio uliokuwa thamani yake: kilichoikataa spiriti kiliweza kuivisha kazi ya spiriti bila kuiharibu.

Kwa kiko situmii vanishi nene, kwa kuwa joto la bakuli huivimbisha malengelenge. Natumia nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, kwa hiyo peke yake hulegea mkononi mwa mvutaji. Nikiipata nta ngumu ya karnauba, inayohimili zaidi ya 80, naichanganya humo, kisha nasugua kwa kitambaa hadi mkono uone joto.

Lakini kabla ya nta kuna mtihani mmoja, na huo ni urithi wa mzee. Nakata kitambaa cheupe cha pamba, nakilowesha maji yenye chumvi kidogo mithili ya jasho, nakifunga kiko na kukiacha usiku kucha. Asubuhi nakifungua. Kikiwa na doa, rangi haijashika: nafuta ya ziada, naanika siku mbili, narudia na kitambaa kingine. Kuna viko vimenilia vitambaa vinne. Sijutii hata kimoja, kwa kuwa kila doa lililobaki kwenye kitambaa ni doa ambalo halikwenda kwenye kiganja au mdomo wa mtu.

Siku kitambaa kinapofunguka kikiwa cheupe kama kilivyofungwa, napaka nta. Mnunuzi akija, namkabidhi kiko kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa hicho hicho.